Kosa Ni la Dereva

Hospitalini walimwita Kichwa Ngumu, na wala hawakumwita kwa kificho. Wauguzi wakimpigia simu kwamba kompyuta ya mapokezi imegoma, walianza hivyo hivyo: "Kichwa Ngumu, njoo utuokoe." Hakununa. Alikuwa fundi wa mtandao, peke yake kwa jengo zima la ghorofa tatu, na katika miaka tisa alikuwa ameona kwamba fundi anayekubali kila anachoambiwa na mabosi kuhusu nyaya ndiye huyo huyo anayepandishwa ngazi kuzitafuta zikikatika. Aliona heri abishe chini kuliko kupanda juu.

Ukaidi wenyewe alizaliwa nao. Mama yake, mwalimu mstaafu wa Kiswahili wa shule ya msingi, bado husimulia jinsi bintiye alivyofungua redio ya nyumbani akiwa na miaka kumi, akachapwa, na kesho yake akaifungua tena kwa sababu alikuwa hajamaliza. "Nilichoka mimi, yeye hakuchoka," husema mama, na hapo huwezi kujua kama analalamika au anajisifu. Redio iliongea siku ya tatu. Wakati huo skrubu mbili zilikuwa zimebaki mezani, na mpaka leo zimo kwenye kikombe juu ya kabati.

Ofisi yake ilikuwa zamani stoo ya mashuka. Humo mlikuwa na seva mbili, kabati la nyaya, kiti kilichovunjika egemeo, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo hiyo aliimwaga mwenyewe kila asubuhi saa nne, maana barua tatu za kuomba kiyoyozi kitengenezwe zilikuwa zimeliwa na droo za wakubwa. Mlangoni alibandika karatasi: USISEME INAPITA. SEMA NINI KINAPITA. Watu walidhani ni utani.

Haukuwa utani. Neno hilo "inapita" lilimgombanisha na nusu ya hospitali. Seva ya picha za eksirei ilikuwa imewekewa mfumo endeshi mpya, na tangu siku hiyo picha ziligoma kufika hospitali kubwa, aliko daktari wa kuzisoma. Wakaitwa wataalamu wa nje. Kila aliyekuja alifanya jaribio lile lile, wenyewe wanaliita pingi: kompyuta ya huku inapiga hodi, ya kule inaitikia karibu. Hodi, karibu. Hodi, karibu. "Mtandao unapita," walisema, wakanywa chai, wakaondoka. Picha ya kifua cha mgonjwa ikabaki palepale, asilimia sifuri.

Wiki mbili mambo yakaenda hivyo. Picha zikawa zinachomwa kwenye sidii na kupelekwa kwa gari na dereva wa hospitali, mzee aliyekuwa akipeleka sampuli za damu huko kila siku. Huyo walimwita Taratibu. Aliendesha kwa mwendo ambao baiskeli zilimpita na kumpungia mkono, na hakuwahi kukimbia kwa ajili ya mtu yeyote, awe bosi au maiti. Sidii nyingine zilifika zimekwaruzika, nyingine hazikufunguka. Daktari wa kule akalalamika kwa barua.

Kichwa Ngumu akajifungia stoo na kupiga hodi kwa namna yake. Wenzake walikuwa wakipiga hodi nyembamba, ya baiti chache tu. Yeye aliinenepesha. Mia tano, karibu. Elfu moja, karibu. Elfu moja mia nne sabini na mbili, karibu. Akaongeza baiti moja tu. Kimya. Akarudia mara ishirini, na kila mara ilikuwa kimya kile kile. Akacheka peke yake mpaka mhudumu wa usafi akachungulia.

Maana yake ni hii. Kompyuta haitumi picha nzima kwa mkupuo. Huikata vipande, na kila kipande hutiwa kwenye pakiti yenye anwani. Anwani nayo ina uzito wake, baiti ishirini na nane, ndiyo maana hodi ile ya mwisho iliyoitikiwa ilikuwa elfu moja na mia tano kamili. Kati ya mfumo endeshi na kadi inayochomekwa waya pana programu ndogo yenye kazi ya kusema: kadi yangu inabeba kiasi hiki, msinizidishie. Mafundi huiita draiva. Draiva mpya iliandikiwa kadi za kisasa, ikajitapa kwamba inabeba elfu tisa. Kadi iliyokuwemo ilikuwa kongwe, mwisho wake elfu moja na mia tano. Mashine za hospitali kubwa zilibeba elfu tisa kweli, basi pande mbili zikapatana, na picha zikakatwa mapande makubwa ambayo kadi kongwe iliyatupa moja baada ya jingine bila kusema neno. Vitu vyembamba vilipita vyote.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa amri: kikomo, elfu moja na mia tano. Aliuandika, akabonyeza, na picha za wiki mbili zikaanza kuondoka kwa foleni.

Angeishia hapo, tusingekuwa na kisa. Lakini Mkurugenzi, mama mmoja aliyehamia hapo miezi minne tu iliyopita, alitaka ripoti. Mistari mitatu, alisema, hana muda wa zaidi. Na kila ripoti ilipita kwanza mikononi mwa Afisa Utumishi, ambaye watu walimwita Kalamu Nyekundu. Bwana huyu alipenda Kiswahili sanifu kuliko alivyopenda watu wanaokizungumza. Aliwahi kumrudishia mjamzito barua ya kuomba likizo ya uzazi kwa sababu ya mkato uliokaa pabaya.

Kichwa Ngumu aliandika: "Kosa ni la draiva. Inapokea mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, kisha inautupa njiani bila kutoa taarifa. Nimeshaiwekea kikomo na picha zinafika." Ilimrudia baada ya nusu saa imejaa wekundu. Draiva ilikatwa, juu yake limeandikwa dereva. Inapokea ikawa anapokea. Inautupa ikawa anautupa. Nimeshaiwekea ikawa nimeshamwekea. Pembeni: "Tumia lugha fasaha. Chapa upya."

Alitaka kubisha. Mdomo ulikuwa tayari wazi. Lakini ndoo ilikuwa imejaa, maji yanaelekea kwenye nyaya, na maabara walikuwa wanapiga simu. Akachapa kama alivyoelekezwa, akatia saini, akapeleka. Siku moja tu katika miaka tisa Kichwa Ngumu hakubisha, na ndiyo siku iliyomwaga unga wa mtu.

Kesho yake barua ilikuwa kwenye ubao wa matangazo, kando ya dirisha la dawa. Dereva wa hospitali amesimamishwa kazi kwa kupokea mzigo kupita uwezo wake na kuutupa njiani bila kutoa taarifa, kwa mujibu wa ripoti ya kitaalamu. Kamati itakaa baada ya siku tisa. Chini, saini ya Mkurugenzi na muhuri mbichi.

Alimkuta mzee nje ya geti, amesimama kwenye jua na shati lake la kazi, macho kwenye gari ambalo hakuruhusiwa tena kuligusa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu." Hakugeuka. "Miaka ishirini na nane. Sijaangusha hata kichupa kimoja cha damu. Leo wale wa dirisha la dawa wananiuliza, mzee, mzigo ulitupa wapi tukaokote? Wanacheka. Mke wangu kaisoma ile barua pale ubaoni, alikuja kupima presha. Kairudia mara mbili." Akafuta jasho usoni. "Wanasema kuna ripoti ya mtaalamu. Ni nani huyo, wewe unayejua kompyuta?"

Angeweza kupiga chenga. Hapakuwa na mtu mwingine pale getini.

"Ni mimi, mzee."

Sasa aligeuka. Alimtazama muda mrefu, kwa mwendo wake ule ule wa barabarani.

"Basi ifute," alisema.

Alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa Kalamu Nyekundu, hakubisha hata mlango.

"Dereva niliyemwandika si mtu! Ni programu!"

Afisa aliisikiliza habari yote, na lazima isemwe kwamba alielewa upesi. Uso ulimsawajika. Kisha akarudi nyuma kitini na kuanza kupanga peni zake.

"Barua imeshatoka," alisema. "Ina saini, ina muhuri. Tukiifuta leo tunasema Mkurugenzi hajui kusoma."

"Tunasema mzee hana kosa."

"Na isitoshe, Mkurugenzi anasema tangu mzee asimamishwe, picha zinafika vizuri. Ameshawaambia wizarani."

"Zinafika kwa sababu niliweka kikomo jana yake!"

"Dada, sikiliza. Mzee amebakiza mwaka mmoja astaafu. Apumzike tu. Wewe una miaka mingi mbele. Kwa nini ujichongee?"

"Mtu apumzike kwa jina la mtupa mizigo? Wewe ungelala?"

"Saini ni yako," Afisa akasema, sauti imepoa. "Ukienda kwenye kamati kusema ripoti ina makosa, mwenye kosa utakuwa wewe. Nitalazimika kukuandikia barua ya onyo."

"Iandike. Ila tafuta mtu akusahihishie."

Akatoka. Ngazini alishuka na hasira na pia woga, maana mshahara ule ulilisha nyumba ya watu wawili, na alijua kabisa kwamba saini ilikuwa yake.

Jioni alimkuta mama barazani anachambua mchele kwenye ungo. Akampa nakala ya ripoti. Mama akavaa miwani, akasoma, akaisoma tena.

"Sarufi safi," alisema.

"Mama!"

"Safi kabisa, sina pa kutia peni. Ndiyo balaa lenyewe. Ingekuwa 'inautupa', ingekuwa kitu. Ukatia a pale mbele, ukaipa miguu, ukaipa mke na watoto. Sasa unashangaa wamemkamata?" Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye mchele. "Watoto wa darasa la tatu niliwachapa kwa hilo hilo."

"Sikuandika mimi hiyo a. Nilisahihishiwa."

"Na wewe ukakubali?" Mama aliinua macho juu ya miwani. Katika maisha yake yote hakuwa amemuuliza bintiye swali hilo.

Kichwa Ngumu aliuvuta ungo, akaanza kuchambua mchele naye.

"Ile ya kwanza, yenye masahihisho, iko wapi?"

Alifikiri. Halafu akaanza kucheka, mpaka mama akauliza kama yuko salama. Karatasi zote zilizoharibika alikuwa akizikunja na kuzitandika chini ya ndoo.

Asubuhi aliinua ndoo. Ripoti ile ilikuwa ya tatu kutoka juu, imelowa pembeni, wino umechuja kidogo lakini kila neno linasomeka. Aliianika juu ya seva, mahali penye joto, akakaa mbele yake kama mtu anayelinda mchele usiliwe na kuku.

Siku ya kamati walikaa watatu: Mkurugenzi, daktari mkuu, na Kalamu Nyekundu akiwa katibu. Mzee Taratibu aliwekwa kiti cha peke yake, shati limepigwa pasi mpaka mistari inakata. Mkurugenzi alifungua faili na kuuliza kama mtuhumiwa ana la kusema.

"Mimi ninalo," Kichwa Ngumu alisema. "Lakini silisemi hapa. Ninaomba twende stoo."

"Fundi, kamati haihamihami."

"Basi mnifukuze kwanza mimi, Mkurugenzi, ndipo mumfukuze yeye. Kwa sababu ushahidi hautembei. Uko stoo, umefungwa kwa skrubu."

Daktari mkuu alikohoa, akasema yeye anapenda kunyoosha miguu. Wakaenda. Watano ndani ya chumba cha mashuka, mmoja kwenye kiti kibovu, ndoo katikati ikipokea matone. Kichwa Ngumu alimpigia simu daktari wa hospitali kubwa na kuiweka sauti ya nje. Kisha akatoa picha ya mfupa wa mkono wake mwenyewe, aliouvunja mwaka alipoanguka kutoka kwenye ngazi, akaituma.

"Imefika," simu ikasema. "Huyu alianguka vibaya."

"Sasa namrudisha dereva kazini," alisema, akafuta kikomo. Elfu tisa ikarudi. Akapiga hodi nyembamba, ikaitikiwa. "Mnaona? Inapita. Hivi ndivyo walivyowaambia wale wataalamu." Akaituma tena picha ile ile.

Walingoja. Tone likaanguka ndooni, na jingine. Asilimia sifuri.

"Imefika, daktari?"

"Haijafika kitu."

Akageuka kwa Mkurugenzi. "Funguo za gari ziko wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Na gari?"

"Limeegeshwa. Tangu wiki iliyopita."

"Na dereva?"

Mkurugenzi alimtazama mzee, ambaye alikuwa amesimama umbali wa mkono, kofia mkononi.

"Basi picha hii ameitupa nani?"

Kichwa Ngumu akageukia kompyuta. Akaandika mstari wake mmoja, elfu moja na mia tano, na simu ikasema: "Ehe, imefika. Fundi, hii ya nini sasa, mkono ule ule?"

Kalamu Nyekundu alikuwa amenywea kwenye kona, lakini kalamu iliyozoea haikai kimya. "Pamoja na yote," alisema, "ripoti ya Fundi imeandika 'anapokea', 'anautupa'. Kitu hakisemwi hivyo. Msomaji yeyote angeelewa ni mtu. Kosa ni la aliyetia saini."

"Kweli," alisema Kichwa Ngumu. "Kosa langu nilikaa kimya siku moja, na nimekuja kulibeba mbele yenu. Niandikieni onyo, nitalipokea. Lakini kiambishi si changu." Akaweka karatasi iliyokunjamana juu ya seva. Inapokea, imekatwa. Inautupa, imekatwa. Wekundu kila mahali.

Katika hospitali ile kulikuwa na kalamu nyekundu moja, na watu wote wanne walijua ilipo. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati wa mtu wa tano.

Mkurugenzi aliisoma karatasi ile kwa makini, kisha akatoka bila kuaga na kurudi na funguo. "Mzee," alisema, na ilionekana neno lilimpanda kwa shida, "barua imefutwa. Samahani sana. Rudi kazini, yaishe."

Mzee Taratibu hakunyoosha mkono.

"Ilikaa ubaoni siku tisa," alisema. "Mke wangu aliisomea pale. Nataka nyingine, mahali pale pale, ikae siku tisa. Na iseme nani alitupa."

"Tutaandika kwamba ulikuwa mkanganyiko wa kiutawala..."

"Hapana. Iseme nani alitupa. Huyu binti aandike."

Kichwa Ngumu aliandika pale pale, kwa mkono, karatasi juu ya goti: "Picha za eksirei zilitupwa na draiva, programu iliyo ndani ya seva. Draiva ilitupa. Dereva hakutupa." Mkurugenzi akatia saini, akagonga muhuri, akampa Afisa Utumishi akaibandike mwenyewe.

Walishuka wote mpaka kwenye ubao. Foleni ya dirisha la dawa iligeuka kutazama. Kalamu Nyekundu aliiweka karatasi ukutani, akaisoma, na mkono wake wa kulia ukaenda mfukoni wenyewe. Kifuniko kikatoka.

"Nasema tu," alisema kwa sauti ya chini, "'draiva' si sanifu. Neno lenyewe ni dereva."

Mzee Taratibu aliushika ule mkono, bila nguvu, akaushusha.

"Liache," alisema. "Dereva ni mimi."

Afisa akafunika kalamu, akachukua pini.